Chawa wa Mpungate

Murugi alipoanza kuona nukta nyeupe kwenye picha, alifanya kile ambacho kila mtu wa kazi yake angefanya. Alichovya brashi katika wino akazifunika.

Hakuona ajabu. Vumbi likitua juu ya negativu, ile filamu inayochapiwa picha, hata chembe isiyoonekana kwa macho, picha hutoka na nukta nyeupe, na kazi ya Murugi katika studio ya mzee Kingori, pale Majengo mjini Nyeri, ilikuwa kuziwinda nukta hizo. Alikuwa na meza ndogo dirishani, kichupa cha wino mweusi, kisahani cha maji ya kuuzimua, na brashi nyembamba yenye manyoya machache kama kope za mtoto mchanga. Nukta ikiangukia shavu la mwalimu, alichanganya wino na maji mpaka ukawa na weusi wa shavu la mwalimu. Ikiangukia kitambaa cha mama wa kanisa, alikifuata kitambaa. Watu walitoka pale wakiwa safi kuliko walivyoingia.

Lakini mwaka ule wa sabini na saba, mvua za vuli zilipokuwa zikianza, nukta zilizidi. Kingori, mtu mwembamba aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alimlaumu yeye.

"Hii vumbi unatoa wapi, Murugi? Uko na shamba huko ndani?"

Murugi akapiga deki chumba cha giza, akaziba ufa wa mlango kwa gunia lililoloweshwa, akafuta kioo cha mashine ya kukuzia picha mpaka kikang'aa. Nukta hazikupungua. Akawa anamaliza wino kabla ya wakati wake, na vidole vyake vikawa vyeusi kama vya mchoma makaa.

Siku moja alitandaza picha tatu mezani zikauke. Moja ilikuwa ya mwalimu kutoka Tetu, ya pili ya dada wawili wa Karatina waliovaa sare, ya tatu ya mtoto aliyeketishwa kwenye stuli akilia. Alikuwa ameinua brashi tayari kuanza, mkono ukasimama hewani. Uso wa mwalimu ulikuwa safi. Magauni ya wale dada yalikuwa safi. Mtoto, pamoja na machozi yake, alikuwa safi. Nukta zote zilikuwa kwenye mpungate, ule mmea wa miiba uliosimama kando yao, na katika picha zote tatu zilikuwa mahali pamoja, pale kiganja kimoja cha mpungate kinapoota juu ya kingine.

Vumbi halina akili ya kuchagua. Murugi akainuka na brashi yake mkononi, akapita pazia, akaingia chumba cha kupigia picha.

Mpungate ule ulikuwa mkubwa kuliko jina la studio. Kingori aliununua pamoja na kamera na viti kutoka kwa Mhindi aliyemfundisha kazi, mwaka wa Uhuru. Uliota ndani ya chungu cha udongo, viganja vyake vinene vya kijani vikiwa vimepandana kimoja juu ya kingine kama watu wanaochungulia ukuta. Watu wa Majengo na vijiji vya karibu hawakusoma ule ubao wa mlangoni. Walisema tu, twende tukapigwe kwa mpungate. Wazazi walileta watoto kila Krismasi, wakawasimamisha kando yake, kisha nyumbani wakalinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka jana waone nani amekua, mtoto au mpungate. Nyuma yake kulikuwa na pazia lililochorwa Mlima Kenya na ndege ikipita juu. Asubuhi zisizo na mawingu mlima wenyewe ulionekana kutoka uani, lakini wateja waliupenda wa pazia. Huo haukujificha.

Murugi akainama. Katika maungio ya viganja palikuwa na vifundo vyeupe kama pamba iliyochambuliwa. Akachokoa kimoja kwa mpini wa brashi. Kikapasuka, na kidole chake kikalowa umajimaji mwekundu, mwekundu kama damu ya kuku. Akachokoa kingine, kikawa vivyo hivyo. Chini ya ile pamba kulikuwa na mdudu mnono, hana mbio, ameshikamana na ngozi ya mmea akinyonya.

Akakitazama kidole. Majuma yote yale alikuwa akiuponya mpungate kwenye karatasi, na ule wa kweli, hatua chache kutoka mezani pake, ukiliwa.

Kingori alipoitwa alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Alivua kofia, akainama, akabonyeza mdudu mmoja, akajifuta kwenye suruali. Akasema hao ni chawa. Kisha akasema jambo ambalo Murugi alijua lilikuwa likimsumbua tangu Moffat, mpiga picha mwingine karibu na stendi, alipoleta maua ya plastiki.

"Maua ya Moffat hainywi maji. Haidungi mtoto wa mtu. Na sijasikia ati iko na chawa."

Krismasi ilikuwa inakuja, Kingori akaeleza, na mwaka huu kahawa ilikuwa imeleta neema mashambani. Watu wangekuja na nguo mpya ambazo bado zina mikunjo ya duka. Hakuna mama angekubali gauni la mwanawe liguse kitu chenye wadudu wa kutoa damu. Mpwa wake alikuwa akienda Nairobi. Angeagiza maua ya plastiki, tena makubwa kuliko ya Moffat, na siku yatakapofika mpungate ungetupwa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, umwagiwe mafuta ya taa, uwashwe.

Jioni Murugi alitembea hadi Ruring'u, alikokuwa akiishi na nyanya yake, bila kusalimia watu njiani.

Kesho yake alikuja na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha iliyokunjika pembe. Mwanamke kijana ameketi kwenye stuli, amefunga kitambaa kichwani. Kando yake amesimama mtoto wa kike wa miaka mitano, viatu vimemzidi. Kando ya mtoto, mpungate. Kiganja cha juu kabisa kilikuwa sawasawa na sikio la mtoto.

Kingori akaipeleka picha kwenye mwanga.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Ona vile pazia imepinda. Nilikuwa bado sijajua kuitundika."

"Huyo mama ni Ngendo, aliyenizaa. Huyo mtoto ni mimi."

Kingori akaitazama tena. Hakumkumbuka Ngendo wala hakujifanya anamkumbuka. Mwaka ule uliofuata Uhuru watu walipanga foleni mpaka msikitini. Murugi akamweleza kwamba mama yake hakufika Krismasi iliyofuata, na kwamba hiyo ndiyo picha yake pekee. Baada ya hapo nyanya yake, cucu kama alivyomwita, alikuwa akimleta studio kila Disemba. Hawakupigwa picha. Walichungulia tu mlangoni, na wateja wakipungua nyanya alimsukuma ndani haraka asimame kando ya chungu.

"Kila mwaka ilikuwa inafika hapa," Murugi akasema, akashika sikio. "Cucu alikuwa anasema mama ameniachia mwenzangu wa kukua naye. Ndiyo maana nilipomaliza shule nilikuja kuomba kazi hapa, mzee. Sikuenda kwa Moffat."

Akavuka pazia, akasimama kando ya mpungate, akanyoosha shingo. Kiganja cha juu, pamoja na chawa wake, kilikuwa sawasawa na sikio lake.

Kingori alivua kofia, akairudisha kichwani. Alipozungumza alikuwa akiitazama kamera, hakumtazama yeye.

"Maua nimeshaagiza. Siku itashuka hapa, nitachukua lenzi na niangalie hiyo kitu kila mahali. Nikipata chawa hata moja, inaenda shimoni. Nisipopata, tutaona."

Kuwaua chawa hao ndiyo ikawa kazi ya Murugi tangu siku hiyo. Alianza na maji, maana maji yapo. Yalimwagika juu ya ile pamba yakateleza kama yanavyoteleza kwenye jani la nduma, na chawa wakabaki wakavu. Akaleta jivu kutoka jikoni kwa nyanya, kwa sababu jivu ndilo linalowekwa kwenye maharagwe na sukumawiki, akalinyunyiza mpaka mpungate ukafanana na mzee aliyelala karibu na moto. Mteja wa kwanza aliyesimama kando yake alipiga chafya katikati ya picha. Kingori akaamuru lifutwe.

Kisha akaja Kihara. Huyu alikuwa rafiki wa Kingori tangu ujana, mkulima wa kahawa kutoka Giakanja, na mwaka ule wa bei nzuri alikuwa ameanza kutoa ushauri kwa kila mtu juu ya kila kitu. Alipousikia msiba wa mpungate alisema wao wa studio wangeuliza mapema. Mmea ni mmea. Jumamosi alirudi na bomba la kupulizia kahawa mgongoni, limejaa ile dawa ya buluu, na kabla Murugi hajamaliza kuuliza kama dawa hiyo inaua wadudu, mpungate ulikuwa buluu kutoka kiganja cha juu hadi ukingo wa chungu. Stuli pia ilikuwa buluu. Chini ya mlima wa pazia palitokea ziwa ambalo mchoraji hakulikusudia.

Juma lilipopita Kihara alikuja kupokea shukrani. Murugi akamwonyesha maungio. Chawa walikuwepo, wamenenepa, pamba yao imeshika rangi kidogo.

"Hiyo dawa yako inafanya nini huko kwa kahawa?" Kingori akamuuliza.

"Inazuia ugonjwa ya majani."

"Hii iko na majani?"

Kihara akauzunguka mpungate akiukagua. "Sasa hata nikiangalia," akasema, "haina."

Akakaa kwenye stuli ya buluu, akaombwa asimame, akaondoka. Murugi alitumia siku nzima kuosha ule ubuluu kwa maji ya sabuni. Sabuni iliondoa rangi, ikalainisha pamba ya hapa na pale, lakini ndani kabisa ya maungio, pale kitambaa hakiingii kwa sababu ya miiba, chawa waliendelea kukaa kama wapangaji wasiojua notisi. Vidole vyake vilijaa miiba midogo. Alishindwa kushika brashi vizuri, na kwa mara ya kwanza alitoa picha ya bwana mmoja ikiwa na doa la wino shavuni. Usiku hakulala vyema. Alimwambia nyanya yake kwamba pengine Kingori ana haki, mmea ni mmea tu. Nyanya alikuwa akimchambulia miiba vidoleni kwa sindano.

Nafuu ilianza na mtu aliyekuwa na haraka. Alikuwa karani fulani aliyetaka picha ndogo za kupeleka Nairobi kwa gari la mchana. Negativu ikiwa na haraka namna hiyo haisubiri upepo. Huchovywa kwenye spiriti, na spiriti huruka na maji yote. Murugi aliichovya kama alivyofanya mara nyingi, na alipoitoa aliangalia vidole vyake. Asubuhi hiyo alikuwa ameponda chawa kadhaa, na ule utando wa nta kutoka kwenye pamba yao ulikuwa umemganda kidoleni. Sabuni ya kipande ilikuwa imeukosa. Sasa haukuwepo. Spiriti ilikuwa imeula.

Alimpa karani picha zake, akalivuta pazia la mlango wa kati, akachukua ile brashi yake ya kufunikia nukta. Akaiosha wino, akaichovya kwenye spiriti, akaenda kupiga magoti mbele ya mpungate. Alichagua kiganja cha chini kabisa, kile ambacho hata kikifa hakingeonekana, akagusa kifundo kimoja. Pamba ikanywea. Ikawa kama unyoya wa kifaranga kilichonyeshewa, na ndani yake mdudu akageuka rangi ya kahawia. Murugi akangoja mpaka kesho yake. Mdudu alikuwa amekauka, na kiganja kilikuwa kijani vilevile.

Tangu hapo kila wateja walipopungua alikuwa magotini. Ilikuwa kazi aliyoijua. Kwa brashi ileile na mkono uleule, alizifuata nukta nyeupe moja baada ya nyingine bila kugusa kilicho kando yake. Tofauti ni kwamba sasa zilikuwa nukta za kweli. Brashi iliingia kati ya miiba mahali ambapo kitambaa kilishindwa. Chumba kikanuka spiriti. Kingori alipita na kamera yake akasema mpungate huo utatoka pale ukiwa mlevi, na kwamba wateja wa kanisa wataanza kumuuliza maswali. Lakini Murugi alimwona akipunguza mwendo kila alipopita.

Kosa moja alifanya. Kiganja cha juu, kile cha sikio, ndicho kilichokuwa na chawa wengi, na kwa uchu wa kukimaliza alikilowesha chote, kisha akausogeza mpungate dirishani ukauke. Jua la mchana likakikuta kibichi. Asubuhi yake ngozi ilikuwa imebabuka upande mmoja, baka la rangi ya majani makavu, pana kama sarafu. Alikipapasa kwa hofu. Ndani kilikuwa bado kigumu. Hakurudia tena, aliugusa mpungate kwa ncha ya brashi tu, na kuuacha kivulini.

Ikafika siku ambayo alitafuta nukta akakosa. Alitafuta tena akakosa. Siku hiyo alikwenda nyumbani akiimba wimbo wa kwaya, na nyanya yake akamuuliza kama ameposwa.

Juma halijaisha, chawa wakarudi.

Walikuwa wachache, wadogo, pamba yao ndiyo kwanza inaanza. Aliwaua. Baada ya siku chache wakaja wengine, palepale. Murugi akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akautazama mpungate kwa hasira ya mtu aliyedanganywa na ndugu. Ndipo alipotambua kwamba upande wa ukutani ulikuwa safi. Chawa wote wapya walikuwa upande mmoja, ule ambao wateja husimama. Jambo hilo alilishika akilini, hakujua alifanyie nini. Mpwa wa Kingori alikuwa tayari ameonekana stendi na mizigo yake, akiondoka kwenda Nairobi, na maua yangeshushwa Jumatatu.

Ijumaa akaja Wamae. Alikuwa kijana wa Ruring'u, fundi wa baiskeli, na alikuwa amempenda msichana wa Meru aitwaye Kinya. Wazazi wa Kinya walitaka kuona sura yake kabla ya kumwona mwenyewe, kwa hiyo alikuja kupigwa picha ya heshima. Alivaa shati jeupe, jipya. Koti hakuwa nalo, na hilo halikuwa tatizo, maana Kingori alikuwa na koti la studio, la sufu nyeusi, alilolikuta pale pamoja na mpungate. Nusu ya wanaume wa Nyeri walikuwa wamepigwa picha ndani yake. Lilitundikwa kwenye msumari kando ya mpungate, upande wa wateja.

Wamae akalivaa, akasimama. Kingori, kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, akamwambia kama alivyowaambia wote, asogee, aukaribie mpungate kidogo, kiwiko kikae vizuri. Picha ikapigwa. Wamae akavua koti, na ncha ya mkono wa shati lake ilikuwa nyekundu.

"Dada," akamwita Murugi kwa sauti ndogo, "nafikiri nimedungwa. Niko na damu na sisikii uchungu."

"Hiyo ni wakwe," Kingori akasema. "Wameanza kukunyonya ukiwa bado huku."

Murugi hakucheka. Aliushika mkono wa Wamae, akaupindua huku na huku. Hapakuwa na jeraha. Akalichukua koti, akalipeleka dirishani. Katika sufu ya mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni hadi chini, kulikuwa na vifundo vidogo vyeupe, vingine vimepondeka na kuacha wekundu ulioloa mpaka ndani. Aliutazama msumari. Koti likiwa pale, mkono wake wa kushoto hulalia mpungate usiku kucha. Asubuhi mtu hulivaa, husimama, huambiwa aukaribie. Alikuwa akiwaua chawa jioni, na kila mwanamume mwenye heshima aliyepigwa picha alikuwa akiwarudisha.

"Mzee," akasema, "tulikuwa tunawavalisha koti."

Kingori alielewa, kisha akaelewa pia kile ambacho kingefuata, akalishika koti kwa mikono miwili. Alisema koti hilo lilitoka ng'ambo. Alisema sufu ya siku hizo haishonwi tena. Murugi alimwambia kwamba ndani ya sufu hiyo brashi haifai, na spiriti yote ya Nyeri haitoshi. Mwishowe Kingori mwenyewe ndiye aliyewasha jiko uani, akaweka sufuria kubwa ya maji, akalizamisha koti kwa fimbo huku akigeuza uso. Wamae, ambaye shati lake lilitangulia kuchemshwa, alikaa kando akiwa amejifunika pazia kuukuu, akasema hata kwao hawajawahi kumchemshia nguo.

Shati lilitoka jeupe. Koti lilitoka dogo. Lilipokauka, mikono yake ilimfika Kingori viwikoni. Akalinyoosha, akalitundika kwenye msumari mpya upande wa pili wa chumba, kisha akaenda nyumbani akaleta koti lake la kanisani, akasema wateja watavaa hilo mpaka Mungu afungue njia, na ole wake atakayelijaza jasho. Murugi aliupangusa ukuta, akalifua pazia la mlima upande wa chini, akausugua msumari wa zamani na kuung'oa. Jumamosi na Jumapili alipita kila kiganja kwa brashi, ingawa hakuona kitu.

Jumatatu maua yakafika. Yalikuwa makubwa kweli, mekundu na manjano, ndani ya mfuko wa nailoni. Kingori hakuufungua. Aliuweka sakafuni, akatoa ile lenzi ndogo ya kukagulia negativu, akaisugua kwa ncha ya shati. Kihara naye alikuwepo. Alisema amepita tu, lakini alikuwa ameleta kiti.

"Hata ukiwa polisi hungetafuta hivyo," Kihara akasema baada ya muda.

Kingori alianza chini, chunguni, akapanda. Kila maungio aliyaweka chini ya lenzi, jicho moja limefumbwa, kofia imegeuzwa nyuma. Alipofika kiganja cha katikati alisimama, akarudi, akasogea karibu zaidi.

"Hapa kuna kitu nyeupe."

Murugi alitaka kwenda kuangalia, akashindwa. Aliushika ukingo wa meza yake, akatazama ule mfuko wa maua, akaona jinsi ua jekundu lilivyojibana kwenye nailoni kama uso wa mtu dirishani. Kingori aliomba brashi. Murugi akampa. Akachokoa. Kisha akaacha kuchokoa, akapuliza kwa mdomo, puu, na kile kitu cheupe kikainuka, kikaelea katika mwanga wa dirisha, kikatawanyika.

"Jivu," Kingori akasema. "Ni ile jivu ya cucu yako."

Murugi akakaa chini palepale alipokuwa. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu, kana kwamba aliivuta siku ile alipoambiwa habari ya shimo na hakuwahi kuitoa. Kihara alisema hata yeye alijua tangu mwanzo kwamba dawa ya buluu ingefanya kazi polepole. Kingori alimaliza viganja vilivyobaki bila haraka, mpaka kile cha juu, akafunga lenzi, akarudisha kofia mbele.

"Maua mtu achukue," akasema. "Hapa hakuna nafasi."

Kihara aliyabeba hadi Giakanja, na tangu Jumapili iliyofuata yalisimama mbele kanisani kwao, ambako yalisifiwa sana.

Krismasi ile watu walijaa mpaka barabarani. Watoto walisimamishwa kando ya chungu, wakapimwa, wakasifiwa, wakalia. Wanaume walipigwa picha ndani ya koti la kanisani la Kingori, na wavulana wa miaka kumi na kitu, ambao zamani hawakuwa na koti la kuazima, sasa walikuwa nalo, jeusi, la sufu ya ng'ambo. Wamae alituma habari kutoka Meru kwamba amekubaliwa, ila baba yake Kinya ameuliza ule mmea ni wa nini.

Siku ya mwisho, wateja walipokwisha, Kingori alibakiwa na picha moja kwenye filamu. Alimwita Murugi, akamwonyesha stuli. Murugi hakukaa. Alisimama kando ya mpungate, viatu vyake mwenyewe miguuni, na mara hii hakuhitaji kuambiwa aukaribie. Juu ya kiganja cha sikio palikuwa na kichipukizi kidogo, chekundu kwa mbali, ambacho wiki iliyopita hakikuwepo. Mwakani, akafikiri, utanipita.

Aliisafisha picha hiyo mwenyewe. Ilipokauka aliileta dirishani, akafungua wino, akazimua kidogo, akachovya brashi, akainama kutafuta nukta. Alianza na uso, akashuka kwenye gauni, akavuka hadi mpungate, akapanda kiganja kwa kiganja. Brashi ilibaki hewani mpaka wino ukaanza kukauka kwenye manyoya yake.

Kingori alikuja akachungulia juu ya bega lake. Akaweka kidole kwenye kiganja cha juu, pale jua lilipokibabua.

"Na hiyo kovu? Hiyo lazima upake."

"Hiyo si vumbi, mzee," Murugi akasema. "Hiyo iko."

Akaiosha brashi, akaikausha kwa kuivuta kati ya midomo yake, akaifungia kwenye kikasha.